Taa ya wifi haisikii tena sauti: kosa liko fasi gani, mbele ya kununua ingine?

Mizigo inayotoka kwa wandugu walioko Ulaya, Kanada ao Marekani haileti tena simu na viatu tu. Siku hizi ndani mwake mnatoka pia ampuli za wifi pamoja na bafli ndogo ya kusikiliza sauti, ile Echo ya Amazon ao Nest ya Google. Ampuli inafungwa, bafli inachomekwa kwenye prizi, mtu anasema kwa Kifaransa "Alexa, allume le salon", na salon inawaka. Watoto wa parsele nzima wanakuja kuangalia. Kiisha, nyuma ya wiki mbili ao miezi miwili, bafli inaanza kujibu kwamba kifaa hakiitike. Umeme uko, majirani wanaangaza, lakini salon inabaki giza.

Hapo njo pesa zinaanza kupotea. Mmoja anaita fundi wa umeme ambaye hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Mwingine ananunua modemu mpya. Mwingine anatupa ampuli na kuomba ndugu atume ingine. Lakini mara nyingi hakuna kitu kilichokufa. Kuna njia moja tu iliyokatika, kati ya njia nyingi ambamo sauti inapita, na njia hiyo inaweza kujulikana kwa dakika kumi, bila kufungua kitu.

Sauti inapita wapi

Mtu akisema neno ndani ya nyumba yake kule Himbi ao Ndendere, neno hilo haliendi moja kwa moja hadi kwa ampuli iliyo juu ya kichwa chake. Bafli yenyewe inatambua tu jina lake, "Alexa" ama "OK Google". Maneno yanayofuata inayatuma kwa wifi hadi kwenye ruteri. Ruteri inayatuma kwa antena ya kampuni ya simu, ao kwa satelaiti kwa wale wenye Starlink, na kutoka hapo yanaenda hadi kwenye kompyuta kubwa za Amazon ao za Google mbali sana. Huko njo sauti inageuzwa kuwa amri. Amri hiyo inapelekwa tena kwa kompyuta za kampuni iliyotengeneza ampuli, na hiyo mara nyingi ni kampuni ingine kabisa. Kampuni hiyo njo inarudisha amri hadi kwa ruteri ya nyumba, na ruteri inaiambia ampuli: waka.

Safari hiyo yote inachukua sekunde moja ao mbili wakati koneksio ni nzuri. Lakini inaonyesha kwa nini taa inaweza kuwa kiziwi bila kuharibika. Mega zikiisha, salon haisikii. Antena ya kata ikizimika, salon haisikii. Na kuna siku ambayo kila kitu ni sawa hapa nyumbani na bado haisikii. Tarehe 20 Oktoba 2025, kosa lilitokea katika kompyuta za Amazon zilizoko jimbo la Virginia, Marekani. Huduma nyingi duniani zilianguka siku hiyo, na Alexa ilikuwa kati yake. Watu wa miji mikubwa ya Ulaya na Amerika walibaki wanaongea na bafli zisizowajibu. Siku kama hiyo hakuna fundi wa Goma ao wa Bunia anayeweza kitu. Ni kungojea, na kutumia interupteri ya ukutani.

Ile ya Insteon ilikuwa mbaya zaidi. Hiyo ni kampuni ya Marekani iliyouza taa na vifaa vya nyumba. Katika mwezi wa Aprili 2022 ilizima kompyuta zake bila kuwaonya wateja, na watu wakaamka asubuhi vifaa vyao haviitike tena kupitia simu wala sauti. Baadaye mwaka huo huo, kikundi cha wateja wake wa zamani kilinunua kampuni na kuzirudisha. Si kila kampuni inapata bahati hiyo.

Namna ya kutafuta fasi iliyokatika

Kazi ya kwanza inafanyika ukutani. Ampuli ya wifi inahitaji umeme masaa yote, hata wakati haiangazi, sababu kale karedio kadogo kalicho ndani yake kanapaswa kubaki kanasikiliza. Mtu akifunga interupteri, ampuli imelala kabisa, na Alexa anaweza kuitwa hadi asubuhi. Hiki njo chanzo cha kwanza cha malalamiko, hapa na kwingine. Hapa kwetu hakuna wa kulaumu: nyumba yenye kashipawa inawafundisha watoto tangu wadogo wazime taa wakitoka chumbani, na mlinzi anapita asubuhi kuzima za inje. Kwa hiyo, mbele ya yote, bonyeza interupteri. Kama ampuli inawaka kwa mkono, haijaungua, na shida iko mbele zaidi kwenye njia.

Kama haiwake hata kwa mkono, chunguza maandishi madogo yaliyo kwenye shingo yake. Ampuli nyingi zinazonunuliwa Marekani na Kanada zimeandikwa 120 V. Umeme wetu ni wa 220 V. Ampuli ya namna hiyo ikifungwa hapa inaweza kuungua papo hapo, na hakuna aplikasio itakayoifufua. Inayofaa ni ile iliyoandikwa 220-240 V, ao ile ya 100-240 V inayokubali pande zote mbili.

Ampuli ikiwaka kwa mkono, sasa fungua aplikasio yake kwenye simu: Smart Life, Tapo, Hue, ao ile iliyokuja nayo. Simu iwe kwenye wifi ileile ya nyumba. Bonyeza kuzima na kuwasha. Kiisha ondoa simu kwenye wifi, tumia mega za simu yenyewe, na ujaribu tena.

Majibu mawili hayo yanasema mengi. Ikiwa taa inaitika kwa wifi ya nyumba lakini haiitike kwa mega, ampuli na ruteri zinasikilizana vizuri. Intaneti ya nyumba njo imekatika. Angalia kama forfe imeisha, ngojea rezo irudi. Ikiwa haiitike hata kwa wifi, na aplikasio inaandika kwamba kifaa kiko inje ya koneksio, basi ampuli imepotea na ruteri. Hiyo njo hali ya mara nyingi hapa Mashariki, na inafaa kuielewa vizuri. Lakini ikiwa inaitika kwa wifi na kwa mega pia, na sauti tu njo haifanye kitu, msiguse ampuli, msiguse ruteri: shida iko kati ya bafli na konti.

Umeme unaokuja na kuenda

Iwe umeme wa Matebe unaoangaza sehemu za Goma ao ule wa Ruzizi unaoangaza Bukavu, kila mtu anajua delestaji, na zaidi anajua ile namna umeme unakuja, unaenda, unarudi tena mara tatu ndani ya dakika moja. Kwa ampuli ya kawaida hiyo ni kero tu. Kwa ampuli ya wifi ni amri.

Sababu ni hii. Ampuli haina kibonyezo cha kuifuta. Kwa hiyo watengenezaji wengi wameamua kwamba mtu akitaka isahau wifi ya zamani na ifungwe upya, aizime na kuiwasha haraka mara kadhaa: mara tatu kwa nyingi, mara tano kwa zingine. Ampuli haijui kama ni kidole cha mtu ao ni umeme unaosumbuka. Umeme ukipepesa mara tatu, ampuli inafikiri mwenyewe ameomba ifutwe, inasahau jina la wifi na neno la siri, na inabaki inangojea. Mtoto anayecheza na interupteri anafanya vilevile.

Alama yake inaonekana kwa macho: ampuli inapepesa yenyewe haraka haraka, ao inaongeza na kupunguza mwangaza polepole bila kukoma. Wengi wakiona hivyo wanasema imeharibika, wanaiondoa. Hapana. Inaomba koneksio tu. Fungua aplikasio kwa konti ileile ya zamani na uiongeze tena kama kifaa kipya. Usiifute kwanza kwenye orodha, sababu mara nyingi ikirudi kwa konti ileile inarudi na jina lake na ratiba zake, na Alexa anaitambua bila kazi ingine. Ukiifuta, utaanza yote upya.

Kuikinga si ngumu: umeme ukianza kuchezacheza, funga interupteri ya ukutani hadi utulie. Wenye stabilizateri ao batri yenye onduleri nyumbani wanapata shida hiyo kwa uchache.

Kuna pia mambo ya nani anaamka wa kwanza. Umeme ukirudi, ampuli inakuwa tayari nyuma ya sekunde chache, lakini ruteri inachukua dakika mbili ao tatu kutafuta rezo na kufungua wifi. Ampuli nyingi zinaendelea kujaribu hadi zinapata. Zingine, hasa za bei ndogo, zinachoka. Dawa ni kungojea ruteri iwake vizuri, kuzima ampuli ukutani sekunde kumi na tano, kiisha kuwasha mara moja. Mara moja tu, kwa sababu ambayo imekwisha kuelezwa. Na mangaribi, wakati nyumba zote zinapika na umeme unashuka, ruteri inaweza kuzima na kujiwasha mara nyingi bila mtu kuona, wakati ampuli inaendelea kuangaza. Mtu anaona mwangaza, anafikiri umeme ni sawa, kumbe ruteri imelala. Batri ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya ruteri inamaliza shida hiyo, na inasaidia pia simu na kompyuta za nyumba.

Modemu ya mfukoni na simu ya baba

Nyumba nyingi hazina ruteri kubwa. Zinatumia modemu ya mfukoni, ao simu moja inayogawia wengine mega. Hapo kuna mitego mitatu.

Simu inayogawa mega ikitoka na mwenyewe kwenda kazini ao sokoni, wifi ya nyumba imetoka naye. Taa haina mwenzake. Inaonekana wazi ikisemwa, lakini ni watu wengi wanaotafuta kosa kwenye ampuli wakati baba yuko Birere na wifi iko mfukoni mwake.

Modemu ndogo zinapokea hesabu ndogo ya vifaa, nyingi kumi hivi. Wageni wakija siku ya matanga ao ya sikukuu na kila mmoja anaingia kwenye wifi, ampuli iliyozima na kuwaka haitapata tena nafasi.

Mtego wa tatu hauonekani. Wifi inapita kwa njia mbili, ile ya 2,4 GHz na ile ya 5 GHz. Ampuli nyingi zinajua ya 2,4 tu. Mtu akibadilisha modemu, ao akipewa ruteri mpya inayotoa 5 GHz peke yake ao inayochanganya zote mbili chini ya jina moja, ampuli inaweza kukataa kufungwa. Ndani ya mapangilio ya ruteri, zitenganishe kwa majina mawili na ampuli ipewe ya 2,4. Kwa iPhone za kuanzia ya 12, fasi ya kugawa koneksio kuna kibonyezo cha kuongeza upatano na vifaa vingine; kikifunguliwa, simu inatoa 2,4 GHz.

Na kama umebadilisha modemu, mpe jina la wifi na neno la siri vilevile kama vya zamani, herufi kwa herufi. Ampuli zote zitarudi zenyewe, hutapanda tena kwenye kiti moja kwa moja.

Sauti peke yake njo haipite

Sasa ile hali ambapo simu inawasha taa bila shida lakini bafli inakataa. Angalia bafli kwanza. Kama duara la Echo ni jekundu na halizimike, mtu amebonyeza kibonyezo cha kuziba masikio yake, ibonyeze tena. Kama ni rangi ya machungwa na inazunguka, bado inatafuta wifi.

Kiisha uangalie lugha. Alexa hasikii Kiswahili. Bafli iliyotoka Marekani inakuja imepangwa kwa Kiingereza, na mtu anayeiamuru kwa Kifaransa cha Bukavu atapata majibu ya ajabu ao kimya. Lugha inabadilishwa ndani ya aplikasio ya Alexa, kwenye mapangilio ya kifaa. Majina ya taa nayo yaandikwe kwa lugha hiyohiyo. Taa iliyopewa jina "Mbele ya nyumba" inasomeka vizuri kwenye simu, lakini sikio la Kifaransa halitalishika. "Entrée", "Salon", "Cuisine" zinashikwa. Taa mbili zisiitwe jina moja, na chumba kisiitwe jina moja na taa iliyo ndani yake, sababu Alexa hatajua ipi.

Ikiwa lugha ni sawa, majina ni sawa, na jana ilikuwa inafanya kazi, mara nyingi mtu amebadilisha neno la siri la konti ya ampuli. Alexa bado iko na ufunguo wa zamani. Ndani ya aplikasio ya Alexa, ondoa ile huduma ya kampuni ya ampuli, uifunge upya kwa neno la siri jipya, kiisha uombe itafute vifaa.

Kuna kosa lingine la watu wa Mashariki peke yao: saa. Taa iliyopangwa iwake yenyewe saa kumi na mbili ya jioni inawaka saa moja, ao katikati ya usiku. Ampuli haina kosa. Wakati wa kufungua konti, mtu alichagua "Kinshasa" kama mji wa Kongo, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndani ya orodha, tafuta Lubumbashi. Hiyo njo saa ya Goma, Bukavu, Bunia na Kisangani pia. Kama taa inawaka kwa tofauti ya masaa sita ao saba, konti bado iko na saa ya Montréal.

Konti ni ya nani?

Hilo la Montréal linaleta swali ambalo watu hawaulize siku ya furaha. Ndugu aliyetuma zawadi alifungua konti kwa anwani yake ya imeli, akafunga ampuli kwa msaada wa video ya WhatsApp, kazi ikaisha. Miezi mitano baadaye aplikasio inaomba kodi ya kuhakikisha. Kodi inaenda kwenye imeli yake. Goma ni saa mbili ya usiku, kule ni mchana, yuko kazini, simu imefungwa. Mama mzee anabaki gizani kwa sababu ya tarakimu sita zilizo bara lingine.

Si hilo tu. Mwenye konti anaweza kuwasha na kuzima taa za nyumba kutoka fasi yoyote, na anaona ni saa ngapi zinawaka. Kati ya wandugu wanaopatana hakuna shida. Kati ya bwana na bibi walioachana, ao mwenye nyumba na mpangaji, ni jambo lingine. Mpangaji anayeingia kwenye nyumba iliyo na taa za namna hiyo ana haki ya kuomba zifutwe mbele yake na zifungwe kwa konti yake.

Inafaa konti ifunguliwe na mtu anayeishi ndani ya nyumba, kwa imeli ambayo anaweza kuifungua yeye mwenyewe, na ndugu wa Ulaya aongezwe kama mtu wa familia. Smart Life na zingine nyingi zinakubali hivyo. Neno la siri liandikwe kwenye daftari, liwekwe pamoja na karatasi za kashipawa.

Kwa mtu ambaye bado hajanunua ao anayeulizwa na ndugu "nikutumie nini?", kuna njia ingine: interupteri ya wifi badala ya ampuli ya wifi. Inafungwa ukutani, inabonyezwa kwa mkono kama zote, na inasikia sauti pia wakati koneksio iko. Intaneti ikikatika, mkono unaendelea kufanya kazi na hakuna anayezima kitu kwa makosa. Lakini aina nyingi zinahitaji waya wa neutre ndani ya kisanduku cha interupteri, na nyumba nyingi za hapa hazina waya huo fasi hiyo. Fundi aangalie hilo mbele ya pesa kutoka, umeme ukiwa umekatwa kwenye disjonkteri. Na ile ya ngazi na ya choo, fasi watu wanapita usiku, iachiwe ampuli yake ya kawaida.